Safu ya Labda

Edelmira Tapia aliniachia daftari
lenye safu tatu: Ndiyo, Labda, Doa.
Miaka ishirini na saba, juu ya bonde la Elqui,
lenzi jichoni, sahani za kioo mezani,
akizitafuta nyota zinazojivua ngozi.

Huitwa nebula za sayari. Sayari hazimo.
Wa kale waliona kiduara cha kijani, wakakisia,
na kosa likizeeka huitwa istilahi.
Ni nyota iliyokata roho:
pumzi yake ya mwisho imewaka, imetanuka,
imekwisha, kwa miaka elfu ishirini.
Kwa nyota, huko ni kufumba na kufumbua.

Haya, zihesabu.
Zihesabu ukiwa ndani ya nyumba,
na vumbi limetanda vyumba vyote.
Za galaksi jirani unazichungulia kwa dirisha moja.
Zetu, iliyo karibu ni pana, hafifu,
unaipita kama mtu apitavyo moshi;
ya mbali ni nukta, nyota kama nyota.
“Hii ni taa mlangoni au moto mlimani?”
ameandika pembeni. “Usiku hausemi.”

Kisha waigaji: nyota mbili zinazonyonyana,
wingu la uzazi lililovaa nguo za msiba.
Nambari 212 iko safu ya Ndiyo,
kwa wino, imepigiwa mstari.
Miezi minne baadaye, kwa penseli:
“Doa. Jasho la kidole. Changu.”

Hesabu za karatasini zinadai ziko maelfu kwa maelfu.
Tulizozikuta ni elfu tatu na ushei.
Asiyekuwapo na lake halipo, watu husema;
Edelmira aliwatengea wasiokuwapo safu nzima,
ndefu kuliko zote.

Kompyuta yangu haitoi jasho.
Hukosea kwa kasi zaidi, basi.
Jana ilinipa nebula mia nne kabla ya chai;
hadi alfajiri nilibaki na mbili,
na moja siiamini.

Usiku huu ukungu wa pwani umepanda bondeni,
Nolberto amefunga kuba, anakoroma kitini.
Nafungua ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, Labda,
mwandiko umeanza kutetemeka:
“Naiona nikiacha kuitazama.”

Nimeiombea saa mbili za darubini, Julai.
Wamenipa.
Usiku wenyewe, mwezi mpevu.