Nyumba ya Mkasi

Kazi yangu ilikuwa kufunga watu bangili.
Za plastiki: buluu kwa wanywaji,
nyeupe kwa wasiokunywa, njano kwa watoto.
"Kila kitu kimelipiwa," nawaambia,
nao hunyoosha mkono kama wanaopimwa presha.

Kwenye beji niliitwa Joy.
Nyumbani Msabaha mimi ni Nyevu.

Kila kitu, yaani: mapapai ya asubuhi,
taulo lililokunjwa likawa bata,
kamba wa kuchoma sahanini
na bahari yenyewe, baina ya kamba mbili za maboya.
Na Alhamisi saa tatu, basi la kwenda Gede:
magofu, mwongozaji,
chupa moja ya maji kwa kila kichwa.

Alhamisi moja Chengo akaamka na jino,
shavu limevimba kama andazi.
Nikapewa karatasi yake niisome njiani.
Nimezaliwa mwendo wa saa moja kutoka pale
na sijawahi kupita langoni.

Nikasoma kwa sauti. Hapa msikiti.
Hapa kaburi lenye tarehe.
Hapa kisima, kirefu, kikavu;
wageni wakainama mmoja mmoja kukitazama
kama kwamba zamu yao ingekijaza.
Karatasi ilisema hakuna ajuaye kwa yakini
kwa nini watu walihama.
Kima akashuka, akampokonya mtoto ndizi.
Nayo ilikuwa imelipiwa.

Bibi mmoja, Fiorenza, mwalimu mstaafu,
akauliza nyumba hizi zinaitwaje.
Zinaitwa kwa vilivyookotwa ndani, nikasoma:
Nyumba ya Kauri. Nyumba ya Sanduku la Pembe.
Hii tuliyosimama, Nyumba ya Mkasi.
Jina la mwenyewe limepotea.
Mkasi ulibaki, ukarithi nyumba.
Alinyamaza. Akaizungusha bangili yake, akaizungusha.

Jumapili ilikuwa siku ya kukata.
Wanapanga foleni na masanduku,
nakata, chini yake ngozi imebaki nyeupe,
alama ya siku kumi na nne.
Fiorenza akaficha mkono nyuma.
"Hii nitaikata mwenyewe, jikoni kwangu."
Sijui kama aliikata.

Masika yakaja. Meneja akasema tupumzike miezi miwili.
Huu ni mwaka wa nne tunapumzika.
Makuti yameangukia kaunta niliyokuwa nikisimama,
mkilifi umeota penye ngazi za dimbwi,
na kima wa Gede, nasikia, wamehamia vyumba vya mbele,
vile vinavyotazama bahari,
bila bangili.

Mshahara wa Aprili haukuja.
Siku ya mwisho nilifungua droo
nikachukua kilichonizoea mkono.

Wakija siku moja wachimbaji na brashi zao ndogo
watakuta vipande vya plastiki, buluu, nyeupe, njano,
maelfu, kila kimoja kimekatwa safi.
Watakuna vichwa. Wataandika karatasi.
Watakitafuta kilichokata, hawatakiona.

Kiko Msabaha, nyuma ya kinu cha unga,
chumba chenye pazia la kijani.
Leo kinakata kola za sare, darasa la nne,
na kesho buibui la mama Rukaya.
Leteni kitambaa chenu.
Kushona ni mia tatu na hamsini,
uzi na vifungo ndani.