Nafasi Kati ya Vana na Kuuse

Usiache nafasi, aliniambia Heino siku ya kwanza,
kidole chake cha tumbaku juu ya kioo.
Jina, alama ya sawasawa, thamani:
vishikane kama ndugu waliopigwa na baridi.

talu=Kuuse

Ukitia nafasi hapo, ganda la kompyuta litadhani unamwita mtu,
litaita, litaita,
kisha litakwambia hakuna mwenye jina hilo.

Basi nimeishi miaka tisa bila nafasi,
zamu ya usiku, kiwanda cha maziwa, Põlva,
theluji ikijirundika juu ya malori ya tangi,
mimi na kistari kinachopepesa,
tukihesabu lita za watu waliolala.

Mji huu tunalipana kwa yuro,
lakini humu ndani kila jina huitwa kwa dola:
$talu, nalo huvua kofia, hutoa kilichomo.
Na lisipokuwa na kitu? Halisemi sina.
Hutoa utupu, kwa adabu kabisa,
na hesabu husonga mbele
kama lori ambalo dereva wake amesinzia.
Vitabu huviita vigeu. Mimi, vigeugeu.

Machi, saa kumi na moja alfajiri, simu.
Leida Haavamets.
"Ng'ombe wangu kumi na wanne wanakamwa.
Lori linakuja, linajaza, linaondoka.
Mbona wiki kumi na moja sijaona senti?"
Hakufoka. Alingoja tu,
na kungoja kwake kulikuwa kuzito kuliko kufoka.

Nikamwuliza jina la shamba.
"Vana Kuuse."
Zamani lilikuwa Kuuse tu.
Lakini binti yake, Triinu, alijenga zizi ng'ambo ya mtaro,
akanunua roboti ya kukamua, maziwa akayauza Latvia,
akapaita Uus Kuuse, yaani Kuuse Mpya,
na mama, bila kuulizwa, akawa wa Zamani.
"Karatasi nilikuja kuzibadilisha mwenyewe," alisema.
"Niliongeza neno moja tu."

Neno moja. Na nyuma yake, nafasi.

Nikafungua skripti. Mstari wa arobaini na mbili,
niliouandika mimi, si Heino (yeye alishastaafu, anafuga nyuki):
$talu, uchi, bila alama za kunukuu.
Likifika pale, ganda halioni shamba.
Linaona maneno mawili, linapasua:
Vana, ambaye kitabuni hayumo,
lita sifuri, asante, tuendelee;
na Kuuse, ambaye yumo,
faili kuukuu, akaunti ya Endel, mume wa Leida,
aliyezikwa vuli ya mwaka juzi.

Wiki kumi na moja tulimlipa marehemu.
Wiki kumi na moja benki ilirudisha,
na kila rejesho likaandikwa ndani ya faili
ambalo hakuna aliyepewa kazi ya kulisoma.

Dawa yake: kidole kimoja, mara mbili.

"$talu"

Kama kumshika mtu mabega yote mawili
asikatike katikati.
Si nukuu moja moja; hizo hulifungia jina ndani,
ukibisha unajibiwa na dola na herufi zake, mwenye nyumba hatoki.
Hizi mbili huliacha lifunguke, na bado likabaki moja.

Nikampigia. "Kosa lilikuwa nini?"
Utamwambiaje mjane wa miaka sabini na tisa?
Nikasema: nafasi, mama. Kati ya maneno mawili.

Kimya. Ndoo ikagonga sakafu, ng'ombe akakohoa.
"Ndiyo," akasema. "Hata mimi huiona, kila asubuhi, dirishani.
Mita sita. Ameweka ubao wa kuvukia,
lakini upande wake."

Heino alinifundisha hilo pia, nikalisahau:
ganda likizaa ganda, mtoto hupewa nakala,
na atakachobadilisha kwake
mama hakijui.

Saa kumi na mbili kasorobo faili la malipo likatoka.
Vana Kuuse, lita mia mbili na themanini,
mstari mmoja.
Nikausoma kwa sauti, chumbani hamna mtu,
nikipumzika kidogo pale kwenye nafasi.