Ala

Alianza kuchechemea, mguu wa mbele, wa kushoto,
siku umeme ulipokatika Buguruni na cherehani ikanyamaza.
Nikadhani kachomwa: sakafu ya fundi haikosi sindano.
Nikampapasa. Chini ya bega, punje ya kunde.
Baada ya Ramadhani, njugu mawe.
Nikiigusa, Deni anavuta mguu kama aliyekanyaga kaa.

(Deni ndilo jina lake. Alikuja
nikiwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu.)

Mwajabu, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini:
"Paka! Hospitali! Na wewe
jino lako si ulilitibu kwa karafuu?"

Daktari Kokusima wa Tabata hakucheka.
Alimnyoa, akamlaza usingizi, akapasua,
akanionyesha kichupani kitu cheupe, mviringo,
kilichokuwa kimeng'ang'ania uzi mmoja wa mwili.
"Ni nini?"
"Sijui," akasema. Nikampenda kwa neno hilo.

Siku kumi na moja kichupa kilikaa Temeke.
Siku kumi na moja nilishona sare za shule,
na kola zote zilitoka zimepinda.

Siku ya majibu aliniita nitazame mwenyewe.
Hadubini ni baridi kwenye nyusi.
Waridi na zambarau, kitambaa ambacho sijawahi kukikata:
chembe zimesimama safu kwa safu, zinatazamana,
katikati njia tupu,
kama wageni wanaompisha bibi harusi
ambaye hajatokea.

"Neva ina ala," akasema, "kama kisu.
Hapa imevimba ala. Kwa paka ni nadra;
miaka kumi na minne kazini, huyu wa kwanza.
Si saratani."

Bitana, nikawaza. Bitana imefura, vazi ni zima.

"Utarudi?"
"Unaweza. Mara chache."

Dawa ya deni kulipa: karani alishaanza kutabasamu
kabla sijafungua pochi.
Nimelipa nusu.

Sasa amelala juu ya kitenge cha mteja, chali,
wanasema paka hakubali kulala chali,
huyu hana habari na methali,
na pale aliponyolewa panaota upya, mafupi, kama mahameli.
Kila usiku, kabla sijazima taa,
kidole changu kinapita hapo,
kinatafuta punje, hakipati,
kinarudia.