Nadharia Tete

Dokta Bahiya alisema: andika ulichokiona.
Nikaandika: wanafunzi wa nyuma ni wavivu.
Akakata mstari kwa wino wa kijani.
"Uvivu ulikaa dawati la ngapi, mwalimu?
Ulivaa sare?"

Tulikuwa kumi na wawili Jumamosi ile,
walimu wa Temeke na Ilala, chaki bado kwenye kucha,
tukifundishwa kuitafiti kazi tunayoila na kuilalia,
kama mtu anayeambiwa apime kivuli chake
na asisogee.
Sampuli nilielewa. Hojaji nilielewa.
Lakini nadharia tete ndiyo niliyotoka nayo,
nikaibeba hadi Mbagala kama yai
ndani ya mfuko wa kanga.

Yai langu lilikuwa hili:
hawajibu kwa sababu ya grenda.
Nyuma ya ukuta wetu fundi Kibwana anachomelea mageti,
na chuma kikilia
hata jina lako hulisikii.

Nikamwomba Mwalimu Kisinda akae nyuma na simu, arekodi.
"Ulinikopa elfu kumi," akasema,
"leo unanikopa na kipindi."
Akakaa hata hivyo, magoti yamegusa kidevu,
katikati ya watoto themanini na saba wa Sita B.

Usiku, ugali unasongwa, nikasikiliza.
Sauti yangu. Sauti yangu. Sauti yangu.
Grenda haikuwepo!
Nikakumbuka: umeme ulikatika tangu saa mbili asubuhi,
Kibwana alishinda anacheza bao,
na nyuma walikuwa kimya vilevile.

Yai likapasuka hapohapo, juu ya jiko.

Nikachukua daftari, nikapiga vijiti.
Maswali thelathini na moja niliuliza.
Ishirini na mawili nilijijibu.
Kati ya swali langu na jibu langu
niliwapa sekunde moja. Mara nyingine haikutimia.
Mwanangu Tumpale, mwiko mkononi,
akauliza, "Mama, unagombana na nani?"

Miaka tisa nimejaza ripoti: hashiriki, hashiriki.
Nyani na kundule, tunasema, tunacheka,
hakuna anayesema nyani afanyeje
siku akipewa kioo.

Alhamisi nikauliza: ipi kubwa, theluthi au robo?
Nikanyamaza.
Moja.
Mbili. Kandambili inakwaruza sakafu.
Tatu. Kunguru anatembea juu ya bati kama mkaguzi.
Nne. Ulimi wangu unawasha, jibu liko mlangoni,
nalishika shati.
Tano. Wananitazama, wanadhani naumwa.
Sita.
Pazi akasimama.
Pazi, ambaye sauti yake nilikuwa siijui,
nene, ya mtu mzima, imeazimwa kwa kaka.
"Robo, mwalimu. Nne si inaizidi tatu?"

Darasa likacheka. Na mimi,
kalamu nyekundu ya kichwani ilishanyanyuka.
Nikaishusha.
Kosa lile lilikuwa na sababu yake,
limeivaa vizuri, limefunga na vifungo,
na miaka yote nilikuwa nalifukuza
kabla halijabisha hodi.
Nikaliandika neno kwa neno,
tarehe, saa, dawati la nyuma kushoto.

Dokta anataka hitimisho kufikia mwisho wa mwezi.
Sina. Nina darasa moja, wiki mbili,
mtoto mmoja aliyekosea kwa sauti.
Matokeo haya hayajumlishwi,
na Kisinda bado anadai elfu kumi.
(Ila jana aliniuliza, akitazama pembeni,
kama naweza kukaa nyuma ya darasa lake. Na simu.)

Nimenunua boflo mbili kwa Mangi, kwa mkopo.
Jumatatu moja itakatwa tatu, ya pili nne,
na kisu nitampa Pazi.
Sijui atasema nini.
Nimeiacha nafasi kwenye daftari,
ukurasa mzima.