Swali la Kumi na Moja

Kiapo changu kifupi: nisiongeze, nisipunguze.
Afande anauliza kwa Kiswahili cha ofisini,
nakivua viatu, nakipeleka kwa Atija
kwa Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma,
ambacho si kile cha bibi yangu wa Newala
ila wanakaa jamvi moja.

Jina. Kijiji. Ulivuka lini.
Nani alikwambia kuna kazi ya kubangua korosho.
Alikulipa? Hapana.
Alikupiga?
Atija anatazama feni.
Feni ya chumba hiki haijazunguka tangu Januari.
Kimya sikijui kukitafsiri,
na afande anaandika: hakujibu.

Swali la kumi na moja.
Nyumba ile ya Masasi, mlango haukufungwa.
Kwa nini hukukimbia?

Anacheka. Kicheko kidogo, kibaya,
kama cha mtu aliyeulizwa mkia wake uko wapi.
Kisha anasema, nami nyuma yake, neno kwa neno:
"Mlango wangu haukufungwa.
Uliofungwa ni wa chumba cha yule mama.
Mwanangu Saide alilazwa humo
kila usiku."

Afande anaandika. Namsoma juu chini;
miaka tisa ya duka, madeni nimeyasoma hivyo hivyo.
"Mlango haukufungwa."
Nukta.

Kiapo hakikusema nukta nizifanyeje.
"Afande, milango ni miwili."
"Mama Somoe, wewe ni mkalimani tu."
"Ndiyo. Na nimekalimani milango miwili."

Alinitazama weee.
Akavuta karatasi nyingine,
akaanza upya, huku akiguna,
tangu jina.

Turudi Alhamisi. Hii ilikuwa Alhamisi ya tatu.
Stendi tukanunua ming'oko ya mia tano,
Atija akaimenya kwa meno, harakaharaka,
nyeupe yote kwa Saide,
sisi tukabaki kulamba chumvi ya karatasi.

Siku ya kwanza kwangu Chikongola
nilitaka kukomea; wezi mtaani wapo.
Akanishika kiganja, hakusema kitu.
Nikampa ufunguo.

Tangu hapo nikichelewa dukani
napiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe,
nasimama na mbu, sukari kwapani,
nasikia akiuliza nani,
nataja jina langu lote, la baba na la babu,
nangoja aamue.