Taa ya Friza

Nilipoleta friza ndani, mtaa mzima wa Mikumbi
ulikuja kuigusa. Watoto walibandika mashavu mlangoni mwake.
Baba hakuigusa. Aliuliza tu:
"Hiyo taa ni ya nini?"

Taa nyekundu, ndogo kama mbegu ya tipitipi.
"Inaonyesha umeme upo."
"Ikizimika?"
"Basi haupo."
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa
mashtaka anayoyajua.

Usiku ule Athumani Nannauka, mchochea makaa wa zamani,
alivuta kigoda akaketi mbele ya friza hadi adhana ya alfajiri.
Na usiku wa pili. Na wa tatu.

Tulijua machache.
Kwamba vita vilimkuta Mombasa, ana miaka ishirini na mikono mipana,
akaandikwa melini kwa nusu ya mshahara wa mzungu.
Kwamba meli thelathini na tisa ziling'oa nanga pamoja
kimyakimya, taa zimezimwa,
kama watu wanaokwenda kuchimba kaburi,
tumboni vifaru, unga, petroli, viatu vya Warusi.
Bandari aliiita Mamansiki.
Kwamba ule msimu jua lilikataa kuzama,
na wachochezi, yeye, Msomali mmoja, Wabengali wanne,
waligombana chini kule mbele ya tanuri:
Magharibi ya jua lisilokuchwa
huswaliwa saa ngapi?
Hilo alilisimulia akicheka.
Hilo tu.

Usiku wa saba jenereta la Tanesco lilikohoa, likanyamaza.
Nikamsikia akisimama gizani.
"Mmoja," akasema.

Nikaketi sakafuni karibu yake. Sikuwasha kibatari.

"Safari ya pili ilikuwa ya giza, Somoe. Mchana hakuna.
Kila mtu koti la kuelea, na begani taa,
nyekundu, ili ukianguka uonekane.
Nilikuwa juu, zamu yangu ya kugonga barafu kwa shoka.
Usipoigonga inailemea meli, inaipindua.
Meli ya kushoto ikapigwa na nyambizi.
Haikuchukua muda wa kumenya chungwa.
Halafu nikaziona majini.
Kumi na saba.
Amri ilikuwa moja: hakuna kusimama. Anayesimama hufuatwa.
Miguuni pangu palikuwa na kamba,
ya mkonge, labda mkonge wa Kikwetu,
labda Mfaume kaka yangu ndiye aliyeukata.
Nikaishika. Gogo.
Imeganda nzima nzima, haikunjuki.
Mpaka leo sijui
niliiacha kwa sababu ya amri
au kwa sababu ya barafu."

Ndani ya friza kitu kilidondoka: tone, kisha tone.
"Zilizimika moja moja," akasema. "Ya mwisho ilikawia.
Ilikuwa inatufuata, au sisi ndio tuliokuwa polepole."

Kesho yake nikaibandika taa plasta, ile ya kidonda.
Asubuhi nikaikuta plasta imebanduliwa,
imeviringwa vizuri, imewekwa juu ya kifuniko
kama kitu cha mtu alichokisahau.
Sikuibandika tena.

Baba amezikwa mwaka wa mvua nyingi. Friza ile imekufa,
hii ni ya tatu. Nauza barafu za ubuyu, za ukwaju,
mia mbili mfuko, na watoto wa shule huzing'ata kwa pembe
wakiliita jina lake kwa raha, barafu, barafu,
neno lilelile moja tulilo nalo,
lilelile aliloligonga kwa shoka.
Mimi huwapa chenji.

Umeme ukikatika usiku silali.
Navuta kigoda. Kipo bado, mguu mmoja umefungwa
kwa kamba ya mkonge, fundo lake mwenyewe, halijalegea.
Nangoja.
Na taa ikirudi, kwa sababu hurudi,
saa tisa, saa kumi, nyekundu kama jana,
naona haya kidogo
kwamba yangu hurudi.