Nilisema Pole

Fomu imeacha mistari minne:
*Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ajali ilivyotokea.*
Minne. Na chini yake kisanduku cha kuchora:
gari A, gari B, mshale wa kuonyesha mwelekeo.
Mimi ndiye A.

Ilikuwa Barabara ya Enterprise, saa kumi na mbili kasorobo,
viwanda vikitapika zamu ya mchana,
mvua imepiga, imepita, imeacha lami
iking'aa kama mgongo wa kambare.
Foleni ilisogea hatua, ikasimama.
Mimi nikasogea hatua na nusu.

Nusu hiyo ndiyo kesi.

Mlio wenyewe haukutisha:
sufuria tupu limeanguka jikoni kwa jirani.
Vipande vyekundu vya taa vikatapakaa, punje za komamanga,
na mama mmoja akashuka, viatu mkononi,
akaishika Vitz yake kwa nyuma
kama anayempima mtoto homa.
Nikashuka. Nikasema, "Pole."
Akasema, "Asante."
Ndivyo tulivyolelewa, yeye Mwala, mimi Ikolomani.

Mahakama ilishafunguliwa kando ya barabara:
msukuma mkokoteni ndiye jaji,
muuza mayai ya kuchemsha karani,
na madereva wa nyuma mawakili, hoja yao honi.
"Aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa," jaji akakata,
akaendelea na mabati yake.

Kasiva Munyao. Aliniandikia namba kwenye risiti ya unga,
halafu akashusha sauti:
"Taa hii ya breki ilikufa tangu Januari.
Kila siku nasema kesho."
Tukatazama chini. Taa ilikuwa pale,
shahidi aliyevunjwa meno.

Kituoni, abstrakti: njoo Jumatatu.
Jumatatu: mwenye stempu yuko kortini.

Kwenye bima, kijana Ondigo, tai ya bluu, adabu tele:
"Yule mama ndiye mtu wa tatu."
Wa tatu? Tulikuwa wawili pale.
"Wa kwanza ni wewe, wa pili ni sisi."
Sikumbuki kuwaona mvuani.
"Na ulimwambia nini?"
Nilisema pole.
Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.
"Mama, pole ni kukiri. Na ukikiri bila idhini yetu, hatulipi."

Pole ni kukiri!
Basi mimi ndiye niliyewaua marehemu wote wa Donholm,
maana hakuna matanga yaliyopita bila mimi kulisema.
Mimi ndiye niliyemwangusha mtoto wa Ayuma kwenye ngazi,
niliyemtoboa jino mpangaji wa juu.
Mama yangu humwambia pole kuku aliyefungwa miguu;
mfungeni na yeye.

Ingawa,
na hapa fomu haina mstari,
ile ya siku ile haikuwa pole ya matanga.
Simu ilikuwa pajani. Mwenye nyumba ameandika:
*Leo ni tarehe tisa.*
Nilisoma mpaka kwenye tisa.
Lugha yangu ina neno jingine, *nisamehe*,
nilikuwa nalo, likakwama nyuma ya meno,
nikatoa hili jepesi, linaloenea kila mkono.

Gathecha wa Kirinyaga Road anasema bampa langu ni elfu nane,
bila risiti sita.
Buti ya Kasiva, arobaini na mbili, kabla ya rangi.

Jana saa tatu usiku akapiga.
"Ondigo wenu ameniuliza kama ulisema pole."
Nikasikia maji yakichemka upande wake.
"Ukamjibuje?"
"Nikamwambia ulinisalimia."
Kimya. Sufuria likaepuliwa.
"Na wewe, wakikuuliza kuhusu ile taa—"
"Taa gani?"

Fomu ingali mezani, imekandamizwa na kopo la chumvi.
Nimechora A. Nimechora B,
nikampa B taa zote mbili, nikazikoleza.
Mshale bado.